Albamu ya ndizi, santuri ya senti 75, na neno moja lililobadilika

Mwanzisha uzi

Wadau, habari za jioni. Jumamosi iliyopita nilikuwa Soko la Kenyatta hapa Nairobi, kwenye santuri za mitumba, napekua kama kawaida yangu. Kijana aliyesimama kando yangu akachomoa santuri yenye ndizi kubwa ya manjano kwenye jalada, akaniuliza, "Mzee, hii si ile ndizi ya kwenye fulana? Kumbe ni ya bendi?" Fulana hiyo nimeiona Gikomba na Toi mara nisizoweza kuhesabu. Nikaanza kumweleza, lakini mwenzake akamwita na stori haikufika popote. Basi naimalizia hapa, na kama yuko humu ataipata.

Bendi ni The Velvet Underground ya New York. Albamu ni *The Velvet Underground & Nico*, ya kwanza yao, iliyotoka Machi 1967 kwa lebo ya Verve. Nyimbo ni 11. Ndizi ni kazi ya Andy Warhol, msanii aliyekuwa akiisimamia bendi. Kwenye nakala za mwanzo ile ndizi ilikuwa stika: unabandua ganda, na chini yake unakuta ndizi ya rangi ya waridi. Kwenye chati ya Billboard mwaka ule albamu haikupanda zaidi ya nafasi ya 171. Leo ukimuuliza mtu yeyote anayepiga roki ya kelele kidogo, pamoja na hawa vijana wetu wa hapa mjini, atakwambia ameipitia.

Lakini si umaarufu ulionileta. Albamu hii imetolewa upya mara nyingi, na mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikisikiliza vitu tofauti nikidhani ni kitu kimoja. Na toleo ninalolipenda kuliko yote ni lile lililorudisha rasimu ambayo wakubwa wa kampuni waliikataa, wala si lile lililosafishwa likang'aa.

Nianze na lililonitokea. Mara ya kwanza niliipata kwa sidii ya kuchomwa, mwaka 1999, kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu. Nilikuwa nikiishi chumba kimoja Umoja, redio yangu ina spika moja nzima na nyingine inakwaruza. Nilipenda hasa wimbo wa sita, "All Tomorrow's Parties", ambao Nico, yule mwanamke Mjerumani mwenye sauti nzito, anauimba kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Niliuhifadhi kichwani pumzi kwa pumzi. Miaka mingi baadaye nikasikia nakala nyingine kwa rafiki, Nico akawa wawili! Sauti mbili zake, moja juu ya nyingine, hazikai sawasawa. Niliamini kabisa mashine ya rafiki yangu ina ugonjwa, hata nikamwambia aipeleke kwa fundi.

Kumbe mgonjwa ilikuwa nakala yangu. Kwenye santuri ya 1967 Nico amerekodiwa mara mbili. Albamu ilipotolewa kwa sidii miaka ya 1980, wakatumia mchanganyo mwingine wa wimbo huo wenye sauti moja tu, na nakala zikasambaa hivyo dunia nzima mpaka za kuchomwa za Umoja. Sauti mbili zilirudishwa kwenye seti ya 1995, lakini hiyo haikunifikia. Kwa hivyo mtu akikwambia "toleo jipya ni ile ile, wameongeza tu sauti", mwambie aende aukague wimbo wa sita.

Mdau wa Kariobangi Kusini

Mkubwa, nimekusoma. Lakini umetaja rasimu kisha ukaiacha. Ipi hiyo?

Mwanzisha uzi

Nakuja huko, subira.

Aprili 1966 bendi haikuwa na mkataba na kampuni yoyote. Jamaa mmoja anaitwa Norman Dolph, aliyekuwa akifanya kazi ya mauzo Columbia Records, akasaidia kulipia studio ya Scepter, hapo Manhattan, barabara ya 54 magharibi. (Jengo hilo hilo ndilo baadaye likawa ukumbi wa disko wa Studio 54.) Studio yenyewe ilikuwa imechoka, mbao za sakafu zimeng'olewa. Wakarekodi kwa siku chache tu.

Dolph akatengenezewa asetati. Kwa wasioijua: asetati ni sahani ya alumini iliyopakwa laka laini, unakatiwa moja tu ya kusikilizia kabla kiwanda hakijaanza kuchapa santuri zenyewe. Ni laini mno. Kila sindano inapopita inakula kidogo cha muziki, kwa hivyo ukiipenda sana unaimaliza. Ilikuwa na nyimbo 9. Dolph akaipeleka kwa mabosi wake Columbia. Wakakataa.

Mwezi uliofuata bendi ikaenda Hollywood, studio ya TTG, na produsa Tom Wilson, wakarudia baadhi ya nyimbo, zikiwemo "I'm Waiting for the Man", "Venus in Furs" na "Heroin". Huyu Tom Wilson anastahili uzi wake peke yake. Alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Waco, Texas, amesoma Harvard, na ndiye aliyekuwa produsa Bob Dylan aliporekodi "Like a Rolling Stone". Jalada linamtaja Warhol kuwa produsa, na Wilson watu wengi hawamjui kabisa. Jambo hilo huniuma. Novemba akawarudisha studio wakarekodi "Sunday Morning", wimbo unaofungua albamu, na John Cale wa bendi anapiga selesta humo, kile kinanda chenye sauti ya kengele ndogo ndogo. Ni wimbo mtamu kiasi kwamba ukiusikia peke yake huwezi kudhani nyuma yake kuna kelele ya aina gani.

Asetati ya Dolph ikapotea machoni pa watu. Mwaka 2002 Mkanada mmoja mkusanyaji wa santuri, Warren Hill wa Montreal, akaikuta kwenye soko la barabarani Chelsea, New York. Akailipa senti 75 za dola. Kwa shilingi za wakati ule ni kama 60 hivi. Desemba 2006 ikauzwa kwenye eBay kwa dola 25,200.

Na mwaka 2012, albamu ilipotimiza miaka 45, ikatoka seti ya sidii 6, na nyimbo zote 9 za Scepter zimo. Ndiyo rasimu ninayoisema. Ukiiweka unasikia mikwaruzo ya sahani yenyewe, hawakujaribu kuificha yote, na mimi nawashukuru kwa hilo.

Mdau wa Ngara

Shilingi 60! Na mimi hapo Gikomba nimewahi kuona santuri zimepangwa chini ya nguo za watoto kuzuia vumbi. Sikuinama hata kuangalia.

Mwanzisha uzi

Kaka, wakati mwingine inama.

Dada wa South B

Samahani ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kimya, lakini hili siwezi kulinyamazia. Umetaja wimbo unaoitwa "Heroin". Mimi nimezaliwa Majengo, Mombasa. Unga umechukua binamu zangu wawili na jirani zetu sijui wangapi. Nimeona mtu akilala kando ya barabara sindano bado iko mkononi. Sasa nyinyi mnauzungumzia wimbo huu kama maua. Si ndio kuusifu huo?

Mwanzisha uzi

Pole sana, dada yangu. Pole kwa binamu zako. Swali lako ni la haki, na nimelifikiria tangu jana kabla ya kulijibu.

Lou Reed, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, ndiye aliyeuandika, na hakuweka mahubiri ndani. Hasemi ni vizuri, hasemi ni vibaya. Anamwachia mtumiaji aongee. Gitaa linaanza polepole, nota mbili tatu, na ngoma inadunda kama moyo. Kisha mwendo unakaza, ngoma inakimbia, unafika kilele, ghafla kila kitu kinashuka, halafu kinaanza tena. John Cale ana viola, huyo ndugu mkubwa wa fidla, na anashikilia nota moja muda mrefu mpaka mwishoni inapiga mayowe. Kuna mahali ngoma inakatika kabisa: mpigaji, Moe Tucker, hakuweza tena kuwasikia wenzake kwa kelele, akaacha kupiga, wenyewe wakaendelea bila yeye, naye akaingia tena. Hawakurekebisha. Nikiusikiliza wimbo huo sipati hamu ya kitu chochote. Napata hofu.

Lakini sikiliza hili, ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Kwenye albamu ya 1967, mstari wa kwanza kabisa wa "Heroin" mwimbaji anasema *hajui* anakokwenda. Ndio mstari dunia inaoujua. Kwenye asetati ya Scepter, wiki chache kabla ya kuurudia Hollywood, sauti ile ile, wimbo ule ule, anasema *anajua* anakokwenda.

Nilipousikia mara ya kwanza nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani nimesikia vibaya.

Wewe umewaona hao watu, dada. Utanirekebisha nikikosea. Yule anayesema "najua ninachofanya, naweza kuacha wakati wowote" ndiye anayesikika mwanzoni. Baadaye ukimpata peke yake, usiku, anasema sijui. Hizo rekodi mbili ukiziweka bega kwa bega unamsikia mtu yule yule katika vituo viwili vya safari moja. Sijui kama Reed alikusudia hivyo, lakini mimi ndivyo ninavyowasikia. Kama Columbia wangeikubali ile asetati, pengine tungebaki na yule wa "najua" peke yake, na wimbo ungekuwa mdogo zaidi.

Sikulazimishi uusikilize. Kuna milango mtu ana haki ya kutoifungua.

Dada wa South B

Ahsante kwa kujibu kwa adabu. Binamu yangu mkubwa alikuwa akisema "najua" mpaka mwisho. Sitausikiliza, lakini nimekuelewa.

Mdau wa Kariobangi Kusini

Mimi napiga ngoma kanisani na kwenye bendi ndogo ya mtaani. Huyo Moe Tucker ni nani? Nimetafuta video, naona mtu amesimama!

Mwanzisha uzi

Umefanya vizuri kuuliza. Maureen Tucker, wote wanamwita Moe. Aliingia kwenye bendi mwishoni mwa 1965 baada ya mpiga ngoma wa kwanza kuondoka. Alikuwa akipiga amesimama, ngoma kubwa ameilaza ubavu, na mara nyingi anatumia vijiti vyenye vichwa laini badala ya vile vyembamba. Matoazi hakuyataka, alisema yanafunika wenzake. Kijana wa kanisani, hebu jaribu Jumapili moja kuacha matoazi uone wimbo utakavyopumua.

Na hapa kuna kitu kinachotuhusu sisi. Moe mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mmoja wa watu waliomfundisha kupenda ngoma ni Babatunde Olatunji, Mnigeria aliyehamia Marekani na kutoa *Drums of Passion* mwaka 1960. Wengine hushangaa kwa nini ngoma za bendi ya wazungu wa New York hazifanani na roki nyingine ya 1967. Hazifanani kwa sababu msichana mmoja alikuwa akisikiliza ngoma za Afrika Magharibi nyumbani kwao. Sasa weka "All Tomorrow's Parties" halafu usikilize ngoma tu, usimsikilize Nico. Ni dundo moja, zito, linarudi na kurudi. Wazee wetu wangelitambua.

Kwenye gitaa pia kuna ujanja: Reed alitega nyuzi zote sita kwa nota ile ile. Alikuwa amelifanya hivyo tangu 1964, enzi za kuandika nyimbo za haraka haraka kwa kampuni ya bei rahisi iitwayo Pickwick. Ndio maana gitaa linavuma kama mzinga wa nyuki.

Mdau wa Ngara

Haya, mtu kama mimi mwenye spika za kawaida anunue lipi? Mono au stirio? Naona matoleo yana yote mawili.

Mwanzisha uzi

Mono. Toleo la sidii mbili la 2002 lina stirio kwenye moja na mono kwenye nyingine, na seti ya 2012 pia inayo yote. Kwenye stirio vyombo vimetawanywa kushoto na kulia, unaweza kumfuata kila mmoja, ni raha ya kusoma kazi. Kwenye mono wote wamesongamana mlangoni pamoja, na bendi hii ilikuwa ya kusongamana. Ile seti ya sidii 6 kama huna pesa za kuchezea usijikaze. Ina mazoezi ya Januari 1966 kwa Warhol, albamu nzima ya Nico, na onyesho la Columbus, Ohio, la Novemba 1966. Maonyesho nimesikiliza mara mbili tu. Nyimbo za Scepter ndizo ninazozirudia.

Ukipata santuri yenye ndizi inayobanduka, iangalie vizuri. Baadhi ya matoleo ya baadaye yameirudisha stika, kwa hivyo ganda kubanduka peke yake si ushahidi kwamba ni ya 1967. Na nyuma ya jalada kuna kesi. Picha ya mwigizaji mmoja, Eric Emerson, ilionekana kichwa chini juu ya picha ya bendi. Akadai alipwe. Kampuni ikasimamisha usambazaji, nakala nyingine zikabandikwa stika juu ya uso wake, na za baadaye wakamfuta. Albamu yenyewe ilikuwa changa madukani, ikapoteza wiki muhimu. Wanaoikusanya leo wanalipa zaidi kwa ule uso uliowaletea hasara!

Mdau wa Buruburu Awamu ya 4

Mzee, nikuulize la pembeni. Kwa nini jambo hili limekukaa rohoni hivi? Naona kama kuna kitu hujasema.

Mwanzisha uzi

Kipo, kaka.

Marehemu baba alikuwa mpiga gitaa la besi. Mchana alikuwa karani, usiku alipiga hotelini na bendi ambayo jina lake halimo kwenye kumbukumbu za mtu yeyote isipokuwa sisi watoto. Mwaka 1974 walirekodi nyimbo nne kwenye studio moja hapa mjini. Mwenye lebo akasikiliza, akasema haziuziki. Baba alitusimulia hilo mara moja tu. Alilisema akichambua sukuma wiki jikoni, hakuinua uso.

Alipofariki tukagawana vitu. Mimi nikachukua sanduku la mbao ambalo hakuna aliyelitaka. Mwaka huu nimelifungua vizuri kwa mara ya kwanza. Chini ya magazeti ya zamani kuna kigurudumu kimoja cha utepe, wa upana wa robo inchi, ndani ya boksi la karatasi. Juu ameandika kwa kalamu ya risasi tarehe na neno "nne".

Sijaucheza. Sina mashine, na hata ningekuwa nayo ningeogopa. Nimesoma habari za ile asetati ya Dolph, jinsi kila kusikiliza ni kupunguza, nikaufunga tena kwenye kitambaa. Kuna usiku natamani sana kumsikia. Alikuwa na miaka 27 wakati huo. Mimi leo namzidi.

Mdau wa Ngara

Mzee wangu, shikamoo. Soma hii polepole.

Usiupeleke kwa mtu wa kukupa majibu siku hiyo hiyo. Utepe wa miaka hiyo huwa na mambo mawili: ama umekauka ukawa wa kukatika, ama gundi yake imevuta unyevu ikawa inanata kwenye vichwa vya mashine. Ukiuzungusha ukiwa unanata, utabanduka tabaka la kahawia lenye muziki wenyewe, na lililobanduka halirudi. Wa kunata unatibiwa kwa joto dogo la saa nyingi, kwa kipimajoto, si jiko la nyumbani. Wa kukauka haupashwi moto hata kidogo. Kwanza tunaangalia ni wa aina gani.

Usiuweke karibu na spika wala juu ya redio, sumaku zitaula. Usiurudishe nyuma kwa mkono. Usimame wima kwenye boksi lake.

Nilifanya kazi ya ufundi wa sauti miaka 31. Nina mashine ya utepe inayozunguka vizuri, niliibadilisha mpira mwezi uliopita. Tutaucheza mara moja tu, na mara hiyo hiyo tunaurekodi kwenye kompyuta. Njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, usiuache kwenye gari. Nitakutumia namba yangu faraghani.

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Nimeshindwa kuandika kwa muda.

Nitakuja na dada yangu mkubwa. Yeye anakumbuka nyimbo mbili kati ya hizo nne, alikuwa akizisikia baba akifanya mazoezi. Anasema moja ilikuwa na maneno ambayo baba aliyabadilisha baadaye, na mpaka leo hana hakika ni yapi yaliyorekodiwa.

Mdau wa Ngara

Mje wote. Nitawasha mashine saa mbili ipate moto kwanza.